Siku Mama Mkwe Alipochomoa Waya

Majina siandiki. Mke wangu kanikataza, anasema mdomo wangu utatupeleka mahakamani. Sawa. Lakini watu wenyewe nitawataja kwa kazi zao na kwa tabia zao, na kwa mji mdogo kama Sumbawanga ya miaka ile, hiyo inatosha kabisa. Wa kwanza ni Injinia. Wa pili ni jirani yetu mwenye mashine ya kusaga. Hao wawili nusura wampofushe mama mkwe wangu, na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyegonga mlango kusema pole.

Ilikuwa miaka ya soko huria, wakati kila mtu alihubiriwa kwamba atatajirika akiacha uvivu. Mimi nilikuwa nabeba magunia kwenye ghala la nafaka la umma. Wakaja wakubwa na tai zao, wakasema ghala limekuwa mzigo kwa taifa. Sisi tuliokuwa tunaibeba hiyo mizigo kichwani ndio tukapunguzwa kazini. Tukapewa kiinua mgongo, mgongo wenyewe ukiwa umeshakwisha, na hotuba ndefu kuhusu kujiajiri.

Basi tukajiajiri. Mke wangu alikuwa amefundishwa kupiga taipu na masista alipokuwa msichana. Tukanunua kompyuta iliyokwisha kutumiwa na Wazungu wa mradi fulani, tukaiweka chumba cha mbele cha nyumba yetu mtaa wa Chanji, tukatundika kibao: tunachapa barua, kadi za harusi, ratiba za mazishi. Mke wangu anachapa, mimi nafagia, napokea wageni na kuwasha mashine asubuhi. Elimu yangu ni darasa la nne. Kubonyeza kitufe hakuhitaji la tano.

Pamoja na kompyuta tulipewa sanduku zito jeusi linaloitwa UPS. Ndani yake kuna betri. Kazi yake ni moja: umeme ukikatika, kompyuta inakula betri hiyo kwa muda kidogo, inalia tii, tii, nawe unapata nafasi ya kuhifadhi kazi na kuzima kistaarabu. Kwa umeme wetu wa siku zile, uliokuja na kuondoka kama mgeni asiyejua adabu, sanduku hilo lilikuwa roho ya biashara. Naomba msilisahau.

Sasa Injinia. Huyu alitokea Mbeya na mkoba wa ngozi na tai aliyoivalia kandambili. Uinjinia alijipa mwenyewe. Alihudhuria kozi fupi mahali fulani, akarudi anatembea kama aliyeiumba kompyuta kwa mikono yake. Alifungua duka la ufundi karibu na stendi, na kwa kuwa mji mzima haukuwa na mwingine, tukamwamkia.

Siku moja akaingia kwetu, akaitazama mashine kama daktari anayemtazama mgonjwa asiye na ndugu.

"Mzee, mashine yako poa, ila ina akili ndogo."

"Akili ndogo vipi? Inachapa."

"Inachapa, inachapa! Dunia ya leo si ya kuchapa tu, ni ya spidi. Prosesa yako ya zamani. Prosesa ndiyo ubongo wenyewe. Nikuwekee mpya, utasahau shida."

Mke wangu akasema hana shida yoyote ya kusahau. Injinia akacheka, akatuambia tunaogopa maendeleo. Siku zile ukiambiwa unaogopa maendeleo ilikuwa kama kuambiwa hujaoga. Tukakubali. Akatoa ubongo wa zamani, akaweka mpya, na wa zamani akautia kwenye mkoba wake. Siku hiyohiyo akaichukua na ile UPS, eti betri yake imechoka, anaenda kuibadilisha.

Kesho yake asubuhi nikawasha. Badala ya kuamka moja kwa moja kama zamani, mashine ikasimama, ikaandika mstari wa Kiingereza kwenye kioo na kunitaka nibonyeze kitufe cha F1 ndipo iendelee. Nikamfuata Injinia.

"Ah, hiyo ni salamu tu, mzee. Inakuamkia. Wewe bonyeza F1, itikia marahaba, maisha yaendelee."

Nikawa naitikia marahaba kila asubuhi. Wateja walicheka: ona kompyuta ya Chanji, ina adabu kuliko watoto wetu. Lakini baada ya salamu, adabu ikaisha. Mashine ikaanza kuganda katikati ya kazi. Kishale hakisogei, kibodi haijibu, mpaka uizime na kila ulichoandika kipotee. Siku moja iliganda kwenye ratiba ya mazishi. Wafiwa wamesimama barazani, padri ameshafika nyumbani kwa marehemu, na marehemu hana hata mstari mmoja wa wasifu. Ikabidi mke wangu aandike kwa mkono. Mjomba wa marehemu akaniambia, "Hata kuzikwa siku hizi kuna foleni?" Nilitamani ardhi inimeze mimi badala ya yule.

Nilipombana Injinia ndipo ubishi ukampungua. Akakiri kwamba prosesa ile ni mpya kuliko BIOS ya mashine. BIOS, alisema, ni maandishi yanayokaa kwenye kijidude kidogo ndani ya kompyuta, ndiyo yanayoiamsha kila unapowasha. Inabidi yafutwe na kuandikwa upya. "Kazi ndogo. Nina faili lake kwenye disketi."

"Na UPS yetu?"

"Betri haijafika. Usijali, umeme wa wiki hii uko imara."

Ulikuwa mwezi wa masika, mawingu ya uwanda wa Ufipa yamelala juu ya mapaa kama magunia mabichi. Umeme gani ungekuwa imara?

Wakati huo tulikuwa na mgeni nyumbani, mama mkwe wangu kutoka Milepa. Alikuja kutibiwa macho. Yalikuwa yamevimba na kuwa mekundu, moshi wa kuni miaka yote ile halafu na ugonjwa juu yake. Hospitalini walimwekea dawa na kumwambia arudi kila baada ya siku chache mpaka tiba iishe. Nesi alimwambia mke wangu bila kuzunguka: mama huyu akikatisha dawa, jicho la kushoto litakufa, na la kulia litafuata. Kwa hiyo alikaa kwetu. Mchana aliketi kwenye mkeka chumba kile cha mbele, kwa sababu ndicho kisicho na upepo, akichambua maharage kwa vidole kuliko kwa macho.

Mimi na yeye tuliheshimiana kama inavyopasa. Mkwe hampangii mama mkwe la kufanya. Ukipita mbele yake unainama kidogo, ukiongea unaongea kwa ufupi, na neno kama "usiguse" halitoki kinywani mwako hata nyumba ikiungua. Mke wangu ndiye angeweza kumwambia, na mke wangu siku ile alikuwa amepeleka kazi ofisini kwa watu.

Injinia akaja saa nane mchana. Akatia disketi yake, akabonyezabonyeza. Mashine ikamuuliza jambo, nikamuuliza inataka nini.

"Inauliza kama nataka kwanza kuhifadhi ile ya zamani kwenye disketi nyingine. Ya nini? Mtu anayenunua shati jipya anahifadhi kuukuu?"

Akajibu hapana. Kwenye kioo ukatokea mstari unaojijaza polepole, mraba kwa mraba. "Ndiyo hiyo inafuta na kuandika. Ikimaliza itajiwasha." Hakusema kwamba katikati ya kazi ile mtu hapumui karibu na waya. Hakusema chochote, kwa sababu barazani kulikuwa na watu wanaongoja kuchapiwa, na yeye akiona watu wawili wamesimama pamoja anaona mkutano wa hadhara. Akatoka. Akaanza kuwahutubia kuhusu sayansi na teknolojia. Akaniita na mimi, "Mzee, njoo, tusiisimamie kama tunachunga mbuzi." Nikatoka.

Ndipo radi ikapiga.

Kwa aliyekulia kwetu sina haja ya kueleza. Radi ya Ufipa haipigi hodi. Na kila mtoto anafundishwa: ikinguruma, redio zima, waya chomoa, kioo funika kanga. Hata mgeni anayo ruhusa. Tena ni wajibu wake, maana ukiacha kitu cha watu kikaungua nawe upo, utasemwa mpaka ufe. Tulisikia ndani mkeka ukichakarika, maharage yakimwagika. Kisha mama mkwe akatokea mlangoni, anapapasa fremu, na uso wake umejaa fahari.

"Mashine yenu nimeiokoa, baba," akaniambia. "Waya nimechomoa, na kioo nimekifunika."

Injinia aliingia ndani kama mtu aliyemwagiwa maji. Akachomeka. Feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Akazima, akawasha. Cheusi. Sasa watu wa barazani wote wamejipanga mlangoni, na jirani mwenye mashine ya kusaga yuko mbele kabisa, pumba kichwani, mikono nyuma.

"Vipi, Injinia? Teknolojia imelala?"

Hapo mtu mzima angesema: nimefanya kazi hii bila UPS, kwenye mawingu, nikaiacha peke yake, na sikumwonya mtu. Lakini Injinia akajifuta jasho kwa tai, akasema maneno ambayo sijamsamehe.

"Hii si ya kitaalamu. Mimi nilishaambiwa kabla sijahamia huku, Sumbawanga mna mambo yenu. Radi bila hata tone la mvua? Na ndani alikuwa nani? Bibi peke yake?"

Hakuongeza. Hakuhitaji. Jirani akamtazama mama mkwe macho yale mekundu, akatingisha kichwa taratibu kama anayepima unga. "Mimi nilikuwa najiuliza," akasema. "Injini yangu imeanza kukohoa tangu mgeni huyu afike." Injini yake ilikuwa inakohoa tangu alipoinunua. Aliwahi kuitia mafuta ya taa ili kubana matumizi.

Haya maneno hayahitaji miguu. Bombani wanawake wakaanza kusogeza ndoo zao mama mkwe akipita. Shikamoo zikakauka. Aliyekuwa anamshika mkono kumvusha mtaro akawa anavuka upande wa pili. Wateja wakasema watapeleka kazi kwingine mpaka "mambo yapoe". Halafu nikasikia kwamba vijana wanaokaa kijiweni wanaulizana yule bibi analala chumba kipi. Hilo halikunichekesha. Sote tunajua maswali ya namna hiyo huishia wapi.

Mama mkwe hakuwa kiziwi. Asubuhi moja nikamkuta amefunga kitenge chake.

"Shikamoo mama. Safari ya wapi?"

"Marahaba. Narudi Milepa."

"Na dawa?"

"Macho ni yangu, baba. Nyumba ni yenu. Siwezi kuwachomea nyumba kwa ajili ya macho."

Mke wangu akalia, akaufungua ule mzigo, mama akaufunga tena, wakavutana kitenge kama wanaokigombea sokoni. Nikawaambia wanipe nafasi kidogo. Nikaizungushia ile kompyuta blanketi, nikaipakia kwenye gari lililobeba maharage, nikaenda nayo misheni moja upande wa Kaengesa. Nilisikia kuna sista aliyesomea mambo hayo Ulaya, anaendesha chumba chao cha uchapaji.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Umeleta nini, maiti?"

Ndivyo alivyokuwa, mdomo mkali kama kiwembe. Nilimweleza yote, na disketi ya Injinia, aliyoiacha ndani ya mashine, nikampa. Nikasema, sista, nieleze kama mtu wa darasa la nne, maana nyumbani kuna bibi anaitwa mchawi.

"Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kubeba magunia, ghalani."

"Asubuhi nani aliwapanga?"

"Msimamizi."

"Haya. Prosesa ni mbebaji. Ana nguvu, lakini anatoka kiwandani na makosa madogomadogo ya namna anavyobeba. Waliomtengeneza wakigundua kosa wanaandika maelekezo ya kumsahihisha. Hayo yanaitwa maikrokodi. Sasa mbebaji huyu ana ugonjwa: akizimwa, anasahau maelekezo yote. Kwa hiyo kila anapoamka lazima msimamizi amsomee upya. Msimamizi ndiye BIOS. Huyu wa kwenu ni wa zamani, anayo maelekezo ya wabebaji anaowajua tu. Mkamletea mgeni. Akasema: huyu simjui, maelekezo yake sina. Ndio ule mstari wa Kiingereza. Akawataka mbonyeze F1 kama mnakubali kuendelea hivyohivyo."

"Nilikuwa naitikia marahaba kila siku, sista."

"Ulikuwa unatia sahihi kila siku. Ndiyo maana ilikuwa inaganda."

"Na mama alipochomoa waya?"

"Msimamizi wa zamani alikuwa ameshafutwa, mpya hajamalizika kuandikwa. Nusu mtu. Hakuna wa kumwamsha mbebaji. Radi ilipiga huko juu kwa shughuli zake yenyewe." Akanikazia macho. "UPS yenu iko wapi?"

"Kwa Injinia. Anangoja betri."

"Ingekuwa chini ya meza, mama angechomoa waya ukutani akaenda zake kula, na kazi ingemalizika."

Aliifungua mashine. Akasoma namba iliyochapwa kwenye ubao wa ndani, akailinganisha na jina la faili kwenye disketi ya Injinia, herufi kwa herufi. Akasema faili ni lenyewe, ndicho kitu pekee alichofanya sawa yule mwenye tai. Akalinakili kwenye disketi safi. Akatoka nje kuangalia mbingu, nyeupe kabisa. Akaiunganisha kwenye UPS yao, akafunga mlango kwa ufunguo, akautia mfukoni.

"Kuna kipande kidogo cha BIOS ambacho huwa hakifutwi," alisema. "Kikiamka na kukuta nusu mtu, kinatafuta disketi. Usitegemee kioo. Sikiliza. Na mikono yako iweke mahali ninapoiona."

Kioo kikabaki giza. Kisha taa ya disketi ikawaka, ikaanza kukwaruza, krrr, krrr, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Sijawahi kusali kwa ajili ya chuma, ila siku ile nilisali. Mwisho ikalia pii moja fupi, ikajiwasha, maneno yakapanda kwenye kioo. Mstari wa F1 haukuja tena. Nilivyofurahi nikataka kuizima niondoke, sista akanipiga kofi mkononi. "Iache imalize kuamka! Ndiyo maana mnaua vitu."

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja karibu na stendi, kwa Injinia. Hata sikumsalimu. Niliinama chini ya meza yake, na UPS yetu hii hapa, inanguruma, imebeba kompyuta yake, printa yake na feni ya kumpepea.

"Mzee, nilikuwa naijaribu."

"Betri si haijafika?"

"Majaribio ya kitaalamu yanachukua muda, mzee wangu."

"Kesho mchana uje Chanji. Yale uliyoyasema siku ile uje uyarudie mbele ya mama. Usipokuja, nitawaleta wateja wangu wote hapa waone majaribio."

Nikachomoa sanduku, nikalitupia begani. Mgongo uliopunguzwa kazini, lakini sanduku lile niliona jepesi.

Kesho yake nikawaita: waliosogeza ndoo, vijana wa kijiweni, jirani na pumba zake. Injinia alikuja, akasimama nyuma karibu na geti. Wingu lilikuwa linakusanyika, hata sikulipanga. Mke wangu akawasha mashine, ikaamka bila salamu, akaanza kuchapa. Nikaeleza kama nilivyoelezwa, msimamizi na mbebaji. Wengine walielewa, wengine walikuwa wanatazama macho ya mama tu. Radi ilipoanza kunguruma mbali, mke wangu akamwambia, "Mama, waya."

"Nisije nikaua tena," alisema mama.

"Chomoa, mama."

Akapapasa ukuta, akachomoa. Watu wakarudi nyuma hatua nzima, vijana wa kijiweni wa kwanza. Sanduku likalia tii, tii. Herufi zikaendelea kutembea kwenye kioo kama kawaida. Mama akabaki ameshika waya hewani, anawageukia asiowaona vizuri.

"Basi niambieni. Leo nimemroga nani?"

Kisha sauti ya Injinia kutoka getini: "Ndicho nilichokuwa nasema siku zote, UPS ni muhimu!" Nakwambia, nililishika gunia la maharage lililokuwa kando yangu ili mikono yangu iwe na kazi. Na jirani akamnong'oneza aliye kando yake, kwa sauti ya kutosha: "Kumbe wameizindika. Dawa yenyewe iko kwenye lile sanduku jeusi." Wiki haikupita alinijia faraghani kuniuliza sanduku kama lile linapatikana wapi, na kama linafaa injini ya kusaga.

Lakini ndoo zilirudi mahali pake, na kijiweni wakapata mambo mengine ya kuulizana. Mama mkwe hakufunga tena kitenge. Alimaliza dawa yake, safari kwa safari, na siku walipomwekea dawa ya mwisho alirudi Chanji akitembea mwenyewe, anasoma vibao vya maduka kwa sauti. Alipofika mbele ya mashine ya kusaga akasimama. Jirani alikuwa mlangoni, mweupe kwa unga, mfupi, anamkwepa macho. Mama akamtazama toka juu mpaka chini, bila haraka, kwa macho mawili.

"Kumbe ni huyu?" akamuuliza mke wangu. "Kwa maneno yale, nilidhani ni mtu mzima."